Saba Waliokosa Hatua ya Nane

Mume wangu alianza kuvaa ufunguo shingoni siku ya Jumanne. Niliuona alipoinama kunawa mikono. Ulikuwa ufunguo wa droo ya meza yake, umefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Huo nao ni mkufu?" nilimuuliza.

"Ni ufunguo," alijibu. "Nukta."

Mume wangu ni mhadhiri wa chuo kikuu. Anafundisha mambo ya maji na afya. Akimaliza kusema jambo lake husema "nukta," na hapo hakuna wa kuongeza neno. Wanafunzi wake wanamwita Bwana Nukta. Yeye anadhani ni heshima.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nafundisha a, e, i, o, u, na kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna walimu wawili, lakini anayehesabiwa ni mmoja.

Tunaishi na mdogo wangu, binti wa miaka ishirini na mbili. Nimemlea tangu wazazi wetu walipofariki. Anasoma chuo hichohicho, na muhula huu yumo katika darasa la shemeji yake.

Wiki ile nyumba ilibadilika. Mdogo wangu akipita karibu na ile meza, mume wangu anakohoa. Simu ya binti ikilia, anauliza nani huyo. Hata mimi sikusalimika.

"Jumamosi ile nilipokwenda kunyoa, nani alifagia chumba?"

"Mimi, kama Jumamosi zote."

"Na droo?"

"Droo huwa sifagii, baba. Kuna nini?"

Aliushika tu ufunguo wake.

Alhamisi mchana alirudi na bahasha ya kaki. Tulikuwa tunakula. Alitoa karatasi saba za mtihani, akazipanga mezani kati ya sahani.

"Mtihani wangu umeibwa," alisema. "Swali la tatu: taja hatua nane za kuchukua sampuli ya maji ya bomba. Hawa saba wameandika hatua saba. Ni zilezile, kwa mpangilio uleule, na wote wameishia palepale. Hakuna hata mmoja aliyesema chupa iwekwe kwenye kasha la barafu. Na wote saba hukaa benchi moja, la nyuma kabisa. Hiyo si bahati. Hiyo ni njama."

Kisha akaweka kidole juu ya karatasi ya mwisho. Ilikuwa ya mdogo wangu.

"Mtihani niliutungia hapa, ukalala ndani ya droo yangu. Sasa nauliza, nani aliutoa?"

"Shemeji, wallahi sijagusa droo yako," alisema mdogo wangu.

"Jumatatu majina saba yanakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Kamati ikiona ni wizi, chuo basi. Nukta."

Binti aliondoka mezani analia. Niliumia sana. Nilimkasirikia mume wangu mpaka chakula kikanishinda. Lakini nitasema kweli: na mdogo wangu nilimshuku. Wasiwasi ni ugonjwa wa kuambukiza. Alipoingia kuoga, nilifungua begi lake kama mwizi, nikapekua.

Nilikuta daftari la somo lile. Somo la sampuli ya maji lilikuwa la wiki tatu kabla ya mtihani. Nikahesabu hatua kwa kidole. Zilikuwa saba.

Nilikaa kitandani nikiwaza. Mwizi gani huyu, anaiba mtihani halafu anakosa jibu?

Alipotoka kuoga alinikuta na daftari mapajani. "Na wewe, dada?" alisema. Niliona aibu.

"Na mimi. Nisamehe. Sasa niambie, mbona hapa ziko saba?"

"Ndizo alizoandika ubaoni."

"Yeye anasema ni nane."

"Basi ya nane aliiandika moyoni mwake."

"Mbona hukuuliza?"

"Niulize nini, dada? Sikujua kuna kilichobaki. Halafu, nani anamuuliza Bwana Nukta? Dereva aliuliza mara moja. Aliambiwa, 'Nilipokuwa naandika ulikuwa wapi?' Darasa zima likacheka."

Dereva ni rafiki yake. Hatembei kwa miguu. Anatumia kiti cha magurudumu, tena anakiendesha kwa kasi, ndiyo maana ya lile jina.

"Na kwa nini mnang'ang'ania benchi la nyuma?"

"Dereva hana pengine. Mabenchi yamepigwa bolti sakafuni, kiti chake hakipiti katikati. Hata mlango usio na ngazi ni ule wa nyuma. Sisi sita tunakaa naye, tusimwache peke yake."

Nilimpelekea mume wangu daftari. Aliligeuzageuza, akalinusa kama samaki wa jana.

"Tarehe mtu anaweza kuiandika hata leo," alisema.

"Sikiliza. Darasani kwangu, watoto saba wakikosea mahali pamoja, simtafuti mwizi. Namtafuta mwalimu."

"Wako wana miaka sita. Chuo kikuu si chekechea."

"Sawa. Kesho darasa lako likiwa tupu, nifundishe mimi. Andika kama siku ile. Nikiziona nane, mpeleke mdogo wangu kwenye kamati, nami sitafungua mdomo."

Alinitazama kwa jicho la pembeni. Aliona kuna mtego, lakini hakujua uko wapi. Akakubali.

Ijumaa alasiri tulikwenda. Mdogo wangu alikuja na Dereva. Darasa lilikuwa refu na tambarare, na ubao ulikuwa mbali, ukutani mwa mbele. Mbele ya ubao palikuwa na kasha la mbao la kijani, linanifika kifuani, lina makufuli mawili.

"La nini hili?"

"La projekta," alisema mume wangu. "Nililichongesha mwaka jana baada ya waya kuibwa."

Mdogo wangu alininong'oneza, "Waya ulionekana kwenye begi lake mwenyewe."

Niliketi benchi la nyuma, kando ya Dereva. Mume wangu alichora bomba kubwa sehemu ya juu ya ubao, kisha akaanza kuandika hatua chini yake. Alikuwa anaongea na ubao. Mgongo wake niliusikia vizuri, maneno nikayapata nusunusu. Niliandika nilichoona. Alipomaliza alichukua kifutio, akafuta ubao wote, akageuka.

"Nukta. Soma."

Nilisoma. Kunawa mikono, kusafisha mdomo wa bomba, kuacha maji yatiririke, na kuendelea. Niliishia ya saba: kubandika lebo yenye mahali, tarehe na saa.

"Na ya nane?"

"Ipi?"

Alikuja mbio, macho mekundu. "Mmepanga! Mmekaa nyumbani mkapatana!"

"Mwalimu," alisema Dereva taratibu, "kaa wewe."

"Nini?"

"Kaa hapa kando yangu. Mwenzetu aandike yeye. Hujapanga naye chochote."

Alisita, kisha akaketi. Mdogo wangu alikwenda ubaoni. Aliinama pale chini, mahali ambapo shemeji yake huandika hatua ya mwisho, akaandika maneno machache, akasogea pembeni.

Mume wangu alinyoosha shingo kulia. Akainyoosha kushoto. Akaanza kuinuka.

"Usisimame, Mwalimu," alisema Dereva. "Mimi sisimami."

Akaketi tena. Kutoka huku nyuma, kasha lake la kijani lilikuwa limefunika ubao wote wa chini; wa mabenchi ya mbele huuchungulia kwa pembeni.

"Umeandika nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia.

"Nimeandika, shemeji, mimi si mwizi."

Nilitaka kumcheka, nikajizuia. Ila moja lilinitoka: "Uliogopa kuibiwa waya, ukawaibia wanafunzi hatua ya nane."

Hatimaye alisema, "Nisamehe, shemeji." Halafu akamgeukia Dereva. "Na wewe nisamehe. Siku ile uliuliza swali la haki." Akavuta pumzi. "Sasa nifanye nini?"

Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, hilo lilikuwa swali lake la kwanza lisilo na shtaka ndani yake.

"Kwanza kasha liondoke," alisema Dereva. "Andika juu, kwa herufi kubwa. Ukiandika, nyamaza. Ukiongea, tutazame. Kuna mwenzetu sikio moja halisikii vizuri, yeye hutazama midomo."

"Nani? Mbona hajaniambia?"

"Ulishawahi kuuliza?" nilimwambia. "Mimi kila muhula, kabla watoto hawajaja, naketi kwenye kila kiti. Naona wanachoona. Na wakija, namuuliza kila mmoja faraghani kinachomsaidia."

"Na muhtasari wa somo tuupate siku moja kabla," aliongeza mdogo wangu. "Mama Pacha, mwenzetu darasani, ana watoto wawili wachanga. Akichelewa dakika kumi, anakuwa amepotea somo zima."

"Wakipewa muhtasari hawatakuja darasani," alisema mume wangu. Shaka ilikuwa imerudi.

"Wape cha kufanya wakija," nilisema. "Uliza swali, halafu nyamaza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Waache wajadili wawiliwawili kwanza. Mtoto anayeogopa kusema mbele ya sitini haogopi kusema mbele ya mmoja. Mwishoni kila mtu aandike kwenye kikaratasi jambo ambalo hajalielewa. Bila jina."

"Bila jina? Nitajuaje ni nani?"

"Usijue. Fundisha tena hilo lililoandikwa."

Jumatatu hakupeleka majina kwenye kamati. Alikwenda kwa mkuu wa idara, akaeleza kosa lake, akaomba swali la tatu lirudiwe kwa wale saba. Kisha akasimama mbele ya darasa zima akasema, "Kosa lilikuwa langu. Hamkuiona hatua ya nane kwa sababu niliificha mwenyewe." Mdogo wangu anasema hakuna aliyecheka.

Kasha lilisogezwa ukutani. Fundi wa chuo alifungua bolti za benchi moja la mbele, likatolewa. Kwa kuwa ule mlango wa nyuma ndio usio na ngazi, alikata pia ncha za mabenchi ya upande mmoja ili kiti cha Dereva kipite mpaka mbele. Kumbe hata Mama Pacha alifurahia njia ile, maana akichelewa haruki tena miguu ya watu.

Msidhani Bwana Nukta aligeuka malaika. Wiki ya kwanza nilimkuta analinganisha mwandiko wa vile vikaratasi na karatasi za mtihani. Anatafuta nani aliyeandika, "Sijaelewa chochote tangu saa mbili." Nilimnyang'anya. Kesho yake alilifundisha upya somo lile, kwa chupa na bomba la kweli uani, na wanafunzi wakichukua sampuli kwa mikono yao.

Wale saba walirudia swali. Sita walipata hatua zote nane. Mmoja alikosa mbili, zake mwenyewe, tofauti na za mtu yeyote. Mume wangu alifurahi mno. "Hili sasa ni kosa la kweli!" alisema, akamwita yule kijana wakae, amweleze. Mwisho wa muhula waliofeli somo lake walikuwa wanne. Mwaka uliotangulia walikuwa kumi na tisa.

Ule ufunguo sasa unaning'inia msumarini, karibu na mlango. Juzi mdogo wangu aliuchukua mbele ya shemeji yake, akaenda mezani, akafungua droo. Mume wangu alikohoa. Mazoea yana taabu.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza.

"Kalamu."

Nilisimama na sahani mkononi, nikasubiri. Nadhani alikuwa anahesabu mpaka kumi.

"Chukua ile nyekundu," alisema. "Hizo nyingine zimekauka."