Ng'ombe wa Biringanya

Vijiti vya kulia chakula vilikuwa vimegeuzwa.

Bi Kinuyo aliviona asubuhi ya kwanza ya sikukuu ya Bon, siku tatu ambazo wafu huja kuwatembelea walio hai, alipokwenda kubadilisha maji kwenye madhabahu ya nyumbani. Jioni iliyotangulia alikuwa amemwandalia marehemu mwanawe wali na ngisi wa kuchoma, akaweka vijiti mbele ya bakuli, vishikio vikielekea kushoto, kwa sababu Tetsuji alikuwa mashoto tangu utotoni na walimu wote walishindwa kumbadilisha. Sasa vishikio vilielekea kulia. Wali ulikuwa umekauka kama makombo ya wiki nzima, na bakuli lilinuka matope ya chini ya gati.

"Shizue! Umegusa chakula cha mumeo?"

"Sijagusa, Mama," mkwewe alijibu kutoka jikoni.

"Basi amekuja." Machozi yakamtoka Kinuyo. "Mwanangu amerudi nyumbani."

Hakutaka kujiuliza kuhusu vijiti. Mtu aliyefiwa huona anachotaka kuona, na Kinuyo alikuwa akimtaka Tetsuji tangu mashua ilipopinduka majira ya baridi, bahari ikarudisha mbao, ikarudisha na wenzake, yeye ikakataa kumtoa. Hii ilikuwa Bon yake ya kwanza. Ile taa nyeupe ya karatasi, inayotundikwa mwaka wa kwanza tu ili marehemu mgeni aione njia, ilikuwa ikining'inia barazani.

Ila kuna jambo hakulifanya. Sisi watu wa Namise, tukiwaandalia wafu wetu, huweka sinia nyingine nje, chini ya upenu, kwa ajili ya wafu wasio na kwao, waliozama na hakuna aliyewajua. Wao nao huziona taa, na wao nao wana njaa. Jirani yake, Bi Orie, aliiulizia sinia hiyo jioni ile iliyotangulia, wakati wanawasha mlangoni moto wa kuwapokea wafu.

"Mwaka huu haipo," Kinuyo alimjibu. "Nimpikie mtoto wa nani mimi, na wangu yuko chini ya maji?"

"We Kinuyo, ubahili mpaka kwa wafu? Konzi ya wali tu!"

"Kama una huruma sana wapikie wewe. Hebu nenda kacheze ngoma, unachelewa."

Bi Orie alicheka, akaenda zake ngomani. Na yule aliyekosa chakula nje, akaingia ndani.

Siku ya pili, saa sita mchana, nyenze waliokuwa wakipiga kelele kwenye misonobari walinyamaza wote kwa pamoja. Shizue alimkuta bintiye Mio, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, amekaa mbele ya madhabahu akiongea kwa sauti ya chini.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mtu wa maji."

"Ni baba yako huyo," Kinuyo alidakia, akitabasamu.

"Siyo baba. Baba ananibebaga na mkono huu." Mtoto akainua wa kushoto. "Huyu anasema kwangu kuna joto. Anasema nisogee kidogo, na yeye aingie."

Shizue alimnyakua mtoto. Mkeka alipokuwa amekaa ulikuwa umelowa, na ubavuni mwake palikuwa na alama nyingine ya unyevu, kubwa, ya mtu mzima aliyekaa karibu sana.

Jioni ya mwisho, mji mzima ulishuka pwani na taa za kuwasindikiza wafu. Kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake wa biringanya, mwenye miguu ya vijiti, wa kumrudisha marehemu taratibu alikotoka. Shizue alikwenda kumchukua wa kwao. Biringanya lilikuwa limelala ubavu, miguu yote imevunjwa.

"Mama, nani kafanya hivi?"

"Mimi." Kinuyo hakugeuka. "Nimemlilia tangu baridi. Siku tatu ndiyo nini? Mwache akae."

"Mama, nakuomba! Aliyemo humu siyo yeye. Angalia vijiti vyake!"

"Aliyekufa anaweza kula kwa mkono wowote," Kinuyo alisema. Moto wa kuaga haukuwashwa mlangoni kwao.

Kuanzia hapo nyumba ile haikukauka tena. Nguo zilizoanikwa juani zilirudi zimelowa chumvi, chai ilikuwa na ladha ya maji ya bahari, na Mio akaacha kula, akawa wa baridi kama samaki wa mnadani katikati ya joto la Agosti, nywele zake zikichuruzika maji ambayo mama yake aliyafuta na kuyafuta na hayakuisha, na daktari aliposema mapafu yameanza kujaa na hajui yanajazwa na nini, mtoto alifumbua macho akamwambia bibi yake, kwa sauti nzito ya mwanamume mwenye koo la matope, kwamba bado nafasi kidogo tu.

Hapo ndipo Kinuyo alipopiga ukelele. Alimbeba mjukuu mgongoni, akakimbia naye peku hadi kwa Bi Otaka, mganga kipofu anayekaa kwenye rasi, Shizue nyuma yake akilia.

Bi Otaka alimshika mtoto kiganja, akaviringisha tasbihi yake, akatikisa kichwa.

"Huyu siye mwanao. Ulimnyima sinia, akaingia. Ukavunja miguu ya ng'ombe, akakosa cha kuondokea. Sasa anatafuta mwili wa kukaa."

"Mfukuze, bibi! Chukua chochote!"

"Ng'ombe hambebi asiyeitwa kwa jina, na la huyu limeoza baharini, hata mwenyewe halikumbuki. Lazima umpe jina. Na liwe la marehemu aliyewashiwa taa mwaka huu."

Wote watatu walijua kwamba nyumbani kwao liko moja tu.

"Na Tetsuji?" Kinuyo alinong'ona. "Atakuja kwa jina gani?"

"Hatakuwa nalo. Atakuwa kama alivyokuwa huyu."

Kinuyo akamgeukia mkwewe.

"Usinitazame, Mama," Shizue alisema. "Yule mume wangu, huyu mwanangu. Usinifanye nichague."

Kinuyo hakumfanya achague. Jua lilipoinama alimchonga ng'ombe mpya, akampa miguu minne imara, akawasha moto wa vijiti vya katani mlangoni, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani: "Tetsuji! Panda, mwanangu. Nenda salama." Mio akajikunja, akatapika maji meusi na mwani, mwingi kuliko tumbo la mtoto linavyoweza kubeba. Nyayo za maji zikavuka majivu ya moto, zikashuka kuelekea pwani. Taa nyeupe ikachomwa kama desturi inavyotaka. Mtoto akaomba wali.

Mwaka uliofuata, kabla ya kupika cha ndani, Kinuyo alipika cha nje. Aliweka sinia chini ya upenu, na vijiti akavipanga vishikio kulia, kama anavyopangiwa mtu usiyemjua. Kisha akawasha moto, akaita jina.

Asubuhi, vijiti vya madhabahuni vilikuwa vimegeuzwa kwenda kulia. Shizue aliviona akainamisha kichwa. Kinuyo akasema kwa adabu, "Karibu nyumbani, Tetsuji," maana ndilo jina lake sasa, na mgeni mwenye jina hafukuzwi.

"Bibi," Mio aliita kutoka nje. "Huku pia vimegeuka."

Kinuyo alitoka. Bakuli la sinia lilikuwa limelambwa hadi punje ya mwisho, na vijiti vililala kando yake vizuri, vishikio vikielekea kushoto.

Alipiga magoti pale chini ya upenu, akafungua kinywa amwite mwanawe aingie, na akakumbuka kwamba akiliita jina lile, ataitika aliyekaa ndani.