Shafti ya Entarara

Karakana ya Metito pale Kitengela haikosi kelele: huyu anachomelea geti, yule anagonga bodi ya lori. Katikati ya fujo hiyo Nashipae alikuwa mpweke kuliko mtu aliye porini. Ni yeye mwanamke pekee kwenye mashine ya kukereza vyuma, na wanaume wale walikuwa na namna mbili tu za kusema naye, kumcheka au kumsifu. Akiharibu kazi, waliitengeneza kimyakimya nyuma ya mgongo wake. Hakuna aliyewahi kumwambia amekosea.

Asubuhi moja akatokea Ngigi, mkulima wa nyanya kutoka Entarara, gamubuti zimejaa udongo, sweta ya kijani imembana kifua, mkononi ana shafti ya pampu iliyolika upande mmoja. Alimwamkia kwa Kimaasai cha kuchechemea. Nashipae akacheka, akavua bangili zake za shanga, akaifunga shafti kwenye taya nne za mashine.

"Mbona unaizungusha polepole hivyo?" Ngigi aliuliza.

"Natafuta katikati yake. Nalegeza taya hii, nakaza ile inaangaliana nayo, mpaka sindano ya geji hii ya kupimia itulie."

"Na fundi mwenyewe ameshikwa na nani?"

"Hakuna. Niko tu."

Jamani, maneno matamu yasikie tu. Nashipae, macho kwa mgeni, aliiweka geji pale palipolika, badala ya mwisho wa shafti ambao haukuwa umeguswa na kitu. Sindano ikatulia, naye akaridhika, akapakereza, akamkabidhi mgeni shafti yake. Lakini katikati ya palipolika si katikati ya shafti. Fundi yeyote anajua hilo, na siku hiyo Nashipae alisahau.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Simu zikaanza, kila jioni. Umekula, dear? Nimekula. Na nani? Na nani tena, na sufuria. Akiulizia pampu, Ngigi alijibu kwamba iko sawa. Ila mchana hakupokea simu kamwe. Nashipae akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, akisikiliza televisheni ya jirani ukutani, na wivu ukamwambia kuna mke Entarara. Akaacha kupokea simu za jioni. Upweke aliokuwa ameuzoea ulirudi ukiwa mkali zaidi, maana sasa ulikuwa na jina la mtu.

Jumamosi moja mchana aliazima simu ya Metito, akapiga ili amsikie huyo mke. Ngigi akapokea. Nyuma yake hapakuwa na sauti ya mwanamke. Palikuwa na kitu kinagonga, ko, ko, ko.

"Ngigi, hiyo ni pampu?"

Ngigi akaanza kuuliza habari za Kitengela.

"Weka simu karibu nayo."

Akaiweka. Nashipae alisikiliza hadi akaona kwa masikio kosa lake lote.

"Ilianza kugonga lini?"

"Siku ya kwanza," Ngigi alisema. "Ndio maana mchana nilikuwa sishiki simu. Sikutaka usikie."

Njia ya mwongo ni fupi. Nashipae akamwambia ailete shafti.

Jumatatu Ngigi aliileta, Nashipae akaifunga tena, safari hii geji ikiwa kwenye ule mwisho mzima, mpaka sindano ikatulia. Alipoisogeza geji hadi pale alipokereza, sindano iliruka. Akapajaza pale kwa kuchomelea, akapakereza upya. Ngigi akajitetea kwamba alimhurumia, kwamba wanaume hawa wanamcheka vya kutosha.

"Basi wewe pia ni kama hawa," alisema Nashipae. "Chukua shafti yako uende. Afadhali nilale peke yangu maisha yote kuliko kulala na mtu ananihurumia."

Ngigi aliichukua shafti. Alifika getini, akasimama, akarudi, na uso wake haukuwa na utani tena.

"Uliniharibia nyanya, Nashipae. Pampu haikuwa inavuta maji ya maana, shamba lote la juu likakauka. Nilikuwa nakupigia jioni nikiwa nimekukasirikia. Ulikosea. Ulikosea vibaya."

Mafundi wakaacha kugonga. Nashipae aliumia, tena sana. Machozi yalimtoka mbele ya wanaume wote wale, na hakuyafuta.

"Ashe," alimshukuru kwa lugha ya kwao. "Sasa ongea na wazee wenu, waje kwetu Oltepesi."