Nilitia Sahihi Udongo wa Kiangazi

Nina miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Kalenga, Iringa. Kazi yangu ni kupima mtikisiko wa ardhi treni inapopita. Naandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kampuni yetu ndogo ya Mbeya ilipewa kazi Chimala, kuchunguza kama nyumba za jirani na reli zingehimili treni nzito zaidi za mizigo. Injinia alikuwa Edson, mchumba wangu. Mimi napima, yeye anaingiza vipimo kwenye kompyuta kuona udongo unavyopeleka mtikisiko hadi kwenye misingi na kuta. Nyumba mojawapo ilikuwa ya shangazi yangu, aliyenilea hapo tangu nina miaka tisa.

Tulipima mwezi wa kumi. Shangazi alinitazama nikikita vyombo kwenye udongo mweusi uliopasuka kwa ukame, akasema, "Mwanangu, sasa hivi udongo umekauka, mgumu huu. Rudini majaruba ya mpunga yakijaa maji. Masika hapa hata maji ya kwenye beseni yanacheza treni ikipita."

Nilimfikishia Edson. Alicheka, akasema kompyuta haihitaji beseni la shangazi. Kusubiri masika kungechelewesha ripoti, naye alikuwa anautaka ukubwa kwenye kampuni. Kwenye fomu ya vipimo, penye hali ya udongo, aliniambia niandike "ya kawaida"... nikaandika! Nikatia sahihi! Sikuujua udongo ule? Nimepandikiza mpunga humo, tope likinifika magotini.

Ripoti ikasema nyumba ni salama. Shangazi alikuwa anafikiria kuhamia kwa mwanawe Igawa, akanipigia simu kuniuliza. Nikamwambia akae tu, tumeshapima. Akakaa, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Treni nzito zikaanza, na mvua zikaja. Nyufa zikatokea madirishani. Nilimwonyesha Edson picha, akasema ni plasta tu. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, treni ikipita, ukuta wa jikoni ulimwangukia shangazi akiwa anachambua mchele. Alikaa hospitali siku sita... tukamzika.

Kwenye kikao cha uchunguzi Edson alisimama bila aibu. "Mimi nilikokotoa kwa vipimo nilivyoletewa," alisema. "Sahihi si yangu." Mtu ambaye posa yake ilipokelewa na shangazi huyohuyo! Leo yuko Iringa, bado anaitwa injinia. Pete yake niliitupa chooni.

Wasomaji wenzangu, mpenzi asikushike mkono unapoandika jambo ambalo watu wataliamini na kulala ndani yake. Na mwenye nyumba akikueleza ardhi yake, ipime kama alivyosema.

Baada ya maziko, binamu yangu wa Igawa aliniuliza jambo moja tu: mama alikuambia habari ya udongo wa masika, au hakukuambia? Nikajibu kwamba aliniambia. Tangu siku hiyo hajaniita dada.