Kisahani cha Omena

Haya yalimpata rafiki yangu Mwelu, na hajawahi kuyatia chumvi. Mwaka 2004, jirani yake wa Kitengela, Nurto, alisafiri kwenda harusi Garissa akamwachia ufunguo wa nyumba amlishie paka.

"Paka yangu ni ya Siam, si hizi za mtaa," Nurto alimwambia. "Inalia kama mtoto. Usishtuke."

Kwa hiyo Mwelu hakushtuka kilio kilipotoka stoo. Mlango ulikuwa na kufuli, chini yake pengo la vidole viwili. Akadhani Nurto amemfungia paka ndani kwa kusahau. Akasukuma kisahani cha omena, vile vidagaa vikavu, chini ya mlango. Kilio kikanyamaza, akasikia kutafuna.

"Pole, mama anarudi," akasema.

Siku tatu alifanya hivyo.

Jioni ya nne stima ilipotea. Kisahani kilikuwa kimeshaingia, kutafuna kumeanza, kitu kilipomgusa mguu. Akawasha kiberiti. Paka wa Siam, masikio meusi, shanga za Nurto shingoni, amekonda kwa njaa, ndiyo kwanza ameingia kwa dirisha.

Ndani ya stoo kutafuna kukakoma. Kisahani kikatoka polepole chini ya mlango, kimelambwa safi, kikagongagonga sakafu, kama mtoto anayeomba aongezwe.