Kochi Lililomdaka Fundi

Siku ile mjinga alikuwa fundi mwenyewe. Hata leo hakatai. Ukimuuliza, hucheka kwanza, kisha hukuonyesha pale lilipokuwa kochi.

Kazi yake ni kutengeneza makochi. Karakana yake inanukia gundi na mbao mpya, na sifongo zimepangwa hadi darini. Njia ya chooni anaijua hata akifumba macho. Kwa miaka mingi utumbo wake una ugonjwa wa kuvimba usiokwisha kabisa. Ugonjwa ukitulia, fundi huimba. Ukichachamaa, hutupa nyundo na kutoka mbio.

Sasa binti yake mdogo alikuwa karibu kuolewa. Fundi alitaka kitu kimoja tu: akae kitini arusi nzima. Kwenye arusi ya binti mkubwa, wakati wa picha, baba alikuwa chooni. Picha ile ipo ukutani, na pengo lake limo.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, akaja na ushauri.

"Shemeji, tumbo linataka kupumzika. Usile kutwa. Nimesoma kwenye simu."

"Na vidonge vyangu?"

"Ukimeza kidonge, si umeshakula?"

"Maji je?"

"Maji yanaingia tumboni, au yanaenda wapi?"

Fundi akaona hiyo ni hoja. Akashinda bila chakula, bila maji, bila vidonge. Jioni akalipiza kisasi. Mkewe alipakua, akapakua tena, mwisho akamsogezea sufuria.

"Mume wangu, unakula au unapakia mizigo ya kuhama?"

"Nafidia."

Akaendelea hivyo siku kadhaa. Tumbo likanguruma kama mashine ya kusaga, naye akasema hiyo ndiyo dalili ya kupona.

Ndipo muuguzi wa zahanati ya jirani, anakochukua vidonge vyake, alipokuja kuchukua kochi lake. Fundi aliinama kumalizia mshono wa mwisho. Alipoinuka, karakana yote ikazunguka. Akaanguka chali juu ya kochi.

Muuguzi alidhani anaonyeshwa ulaini wa kochi.

"Nimeliona, fundi. Ni zuri. Inuka basi."

Fundi hakuinuka. Muuguzi akamwinulia miguu juu ya mkono wa kochi, akamshika mapigo ya moyo, akatuma mtu amwite mkewe. Fundi alipofumbua macho na kuweza kukaa, akapewa maji, funda kwa funda.

"Umekula nini leo?"

"Sijala, dada. Nautibu utumbo."

"Na vidonge vyako?"

"Navyo vimefunga," akajibu mkewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia. "Jioni ndipo humaliza sufuria."

Muuguzi akachukua mto uliokuwa haujajazwa. "Fundi, nikishindilia sifongo yote kwenye kona moja, mshono utakuwaje?"

"Utafumuka."

"Na wewe jioni unalifanyia nini tumbo lako?"

Fundi akauvuta ule mto, akalifunika tumbo lake.

"Sikiliza," muuguzi akasema. "Kufunga kula kwa saa kadhaa si upuuzi. Wapo wanaopata nafuu, na wapo wasiopata. Lakini hakuchukui nafasi ya dawa, na maji unakunywa. Tena si kwa kila mtu. Mjamzito, mtoto, aliyekonda sana, mwenye kisukari anayetumia dawa, hao wasijaribu kwa kujiamulia. Na wewe mwenye ugonjwa wa utumbo, daktari kwanza."

Wakaenda kwa daktari. Akampima uzito, damu na choo. Akamrudisha kwenye vidonge vyake. Ugonjwa ulipotulia, ndipo akamruhusu kujaribu.

"Kula chakula cha jioni mapema, kwa kiasi. Kisha maji tu mpaka asubuhi. Mchana kula kama watu. Vidonge kila siku. Ukiona damu chooni, homa, kizunguzungu, au suruali inakuvuka, acha na uje upesi. Na usisahau, hii ni kusaidia, haiponyi."

Fundi akashika masharti. Mkewe akawa anafunika vyungu mapema, akikaa karibu navyo kama askari. Taratibu, mbio zikapungua. Majirani wakamsikia akiimba kutwa, wengine wakatamani augue kidogo tu wapumzike.

Siku ya arusi fundi alikaa. Watu waliimba, akakaa. Wakahutubu, wakahutubu tena, akakaa. Mpiga picha alipoita familia, fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, kifua mbele, karibu na binti yake. Binti akamshika mkono na kunong'ona, "Baba, leo upo."

"Nipo, mwanangu. Na siendi popote."

Walipoketi, shemeji akajivuta karibu, akitabasamu.

"Mnaona? Mimi ndiye niliyemwambia afunge. Daktari kaja kudandia tu. Mbona sijasikia mtu akinishukuru?"

Mke wa fundi akamgeukia, sahani mkononi.

"Kaka yangu, nenda kalishukuru lile kochi. Wewe ulimwangusha. Lenyewe ndilo lililomdaka."