Kandambili Mlangoni

Haya yalimkuta rafiki yangu Abeli, fundi wa tovuti pale Dodoma. Jumapili moja mchana alikuwa peke yake ofisini, chumba cha ghorofani kisicho na dirisha, akiunganisha mfumo wa kuhifadhi makala na programu ya simu. Ili kujaribu kama mfumo unajibu, aliuagiza hivi: ukipokea "Hodi", ujibu "Karibu ndani". Tangu ahame kijijini kwao Mvumi hakuna aliyebisha hodi kwake, basi akajibizana na mashine mpaka akacheka.

Umeme ukakatika. Mtandao ukafa, giza likajaa, ikabaki kompyuta ndogo kwa chaji yake. Kwenye kioo ikaingia "Hodi". Abeli hakuwa amegusa kitu.

Mfumo ukajibu wenyewe: "Karibu ndani."

Nje ya mlango zikasikika kandambili zikivuliwa, moja, kisha ya pili.

Akampigia mlinzi wa getini. "Shikamoo, mzee. Nani amepanda huku?"

"Marahaba. Hakuna mtu, mwanangu. Geti nimelifunga tangu asubuhi."

Abeli akafungua mlango, akamulika kwa simu. Kandambili zilikuwa pale, zimepangwa vizuri, zimeelekea ndani. Akaziinua. Zilikuwa bado na joto la miguu.