Kishindo Haji Akiitwa

"Kwa nini Kishindo haji akiitwa?" Tusekile aliuliza.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Baba alikuwa anatengeneza redio. Kaka yake, Lugano, alikuwa anacheka tu.

Tusekile ana miaka sita. Anaishi Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua nyingi.

Kishindo ni mbwa wake. Si mtoto tena, wala si mkubwa bado. Miguu imekuwa mirefu. Masikio yamekuwa makubwa. Akili bado iko njiani.

Alipokuwa mdogo, ukimwita, alikuwa anakuja mbio. Siku hizi je?

Kishindo, njoo! Njoo, njoo, njoo!
Patapata, patapata, huyooo, kaenda!

Kaenda wapi? Kwa bata wa jirani, Mama Ipyana. Kwa! Kwa! Kwa! Bata wakaruka. Manyoya yakaruka. Mama Ipyana naye akaruka.

"Mbwa gani huyu!" akasema. "Masikio kama majani ya mgomba, na bado hasikii!"

Mama alichoka. "Jumapili Mjomba Ambokile anakuja," alisema. "Kama Kishindo bado haji akiitwa, Mjomba ataondoka naye. Kishindo atakwenda kulinda ghala lake Mbeya."

Mbeya! Mbali kote huko! Machozi yakamlengalenga Tusekile. Halafu akakasirika.

"Hiyo si haki! Mnamfukuza kabla ya kumfundisha?"

"Haya, mfundishe," Mama akasema. "Mpaka Jumapili."

Kesho yake Tusekile alikaa mlangoni. Akatazama tu.

Asubuhi Mama akaita, "Kishindo, njoo!" Kishindo akaja. Kacha! Akafungiwa bandani mpaka jioni.

Jioni Lugano akaita, "Kishindo, njoo!" Kishindo akaja polepole. Mwaaa! Akamwagiwa maji ya dawa ya kupe.

Asubuhi tena, Baba akaita, "Kishindo, njoo!" Kishindo akaja, tumbo linagusa chini. "Nani kala kandambili yangu?" Pa! Akachapwa kwa ile kandambili iliyobaki.

Kisha Mama akaita. Kishindo akamtazama Mama. Akautazama mlango wa banda.

Kishindo, njoo! Njoo, njoo, njoo!
Patapata, patapata, huyooo, kaenda!

Tusekile akapanda juu ya kigoda.

"Hiyo si haki!" akasema. "Mama, nikija ukinifungia, nikija ukinipa dawa chungu, nikija ukinichapa, mimi nitakuja?"

"Hutakuja," Mama akasema.

"Huyu Tusekile hata sasa haji akiitwa," Lugano akadakia.

"Nyamaza, Lugano! Kuanzia leo, anayemwita Kishindo ampe kitu kitamu. Anayetaka kumfungia asimwite. Achukue kamba, amfuate kimyakimya."

Baba akakuna kichwa. "Sawa, mheshimiwa," akasema.

Tusekile akakusanya vichwa vya dagaa. Akavitia kwenye kikopo.

Akasimama karibu, hatua mbili tu. "Kishindo, njoo!" Kishindo akasita. Akanusa. Akaja. Kichwa cha dagaa! Nyamu!

Hatua tano. Nyamu!

Hatua kumi. Nyamu, nyamu!

Siku moja Kishindo akagoma. Lugano akamkimbiza. Lo! Kishindo akaona ni mchezo. Wakazunguka mgomba mara moja, mara mbili, mara saba. Lugano akateleza kwenye tope. Chubwi!

Tusekile alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akageuka, akakimbia upande mwingine.

Kishindo akaduwaa. Kha! Huyu anaenda wapi bila mimi?

Kishindo, njoo! Njoo, njoo, njoo!
Patapata, patapata, huyooo, kaja!

Jumapili ikafika. Pupupupu! Mjomba Ambokile akaja na pikipiki. Mkononi ana kamba.

"Yuko wapi mlinzi wangu?" akauliza.

Mlinzi wake alikuwa kwa bata. Kwa! Kwa! Kwa!

"Kishindo!" Mama akaita. "Wewe! Rudi!" Lugano akapiga kelele. "Leo utanitambua!" Baba akafoka. Kishindo akazidi kukimbia.

"Nyamazeni wote!" Tusekile akasema. "Na wewe pia, Mjomba. Samahani."

Tusekile akaita mara moja tu. "Kishindo, njoo!" Akampa mgongo. Akakimbia.

Moyo wake ulipiga du, du, du. Hakugeuka nyuma.

Kishindo akawatazama bata. Bata wanono. Akamtazama Tusekile. Tusekile anaondoka. Bata. Tusekile. Bata... Tusekile!

Patapata, patapata, patapata, huyooo, kaja!

Baba akamshika Kishindo shingoni. Akainua mkono. "Umewasumbua tena bata wa..."

"Baba, amekuja!" Tusekile akamkumbatia Kishindo. "Ukimpiga sasa, unampiga kwa sababu amekuja!"

Baba akautazama mkono wake. Akaushusha. Akamkuna Kishindo nyuma ya sikio, kuru, kuru, kuru.

"Umekuja," Baba akamwambia. "Mbwa mzuri."

Mjomba Ambokile akamtazama Mama. "Sasa, dada?"

"Ameitwa, amekuja," Mama akasema. "Anabaki."

Tusekile akaruka. Lugano akaruka. Kishindo hakujua kuna nini, lakini naye akaruka.

"Na mimi nirudi mikono mitupu?" Mjomba akanung'unika.

Wakampa mkungu wa ndizi. Akaufunga nyuma ya pikipiki. Pupupupu, akaenda zake. Mkungu ukaenda Mbeya.

Usiku ulipoingia, mvua ikaanza. Tap, tap, tap, juu ya bati.

Tusekile alijifunika blanketi mpaka puani. Kishindo alilala karibu na mlango, juu ya gunia kavu. Miguu yake mirefu ilikuwa inakimbia ndotoni.

Na wewe unayesikiliza: ukimwita mbwa wako akaja, usimpige, hata kama amechelewa. Mkune tu nyuma ya sikio, tafadhali.